Njia Panda ya Baraka: Kiswahili kati ya Ziwa na Mlima

Historia ya Kiswahili katika Kongo ya mashariki husimuliwa mara nyingi kwa kufuata nyayo za misafara: lugha ilitoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa na kuingia Manyema. Usimulizi huo ni wa kweli, lakini una upungufu mmoja. Unaeleza jinsi lugha ilivyofika, bali hauelezi kwa nini ilibaki baada ya misafara kukoma. Mji wa Baraka, katika teritori ya Fizi, Kivu Kusini, unasaidia kulijibu swali hilo.

Baraka iko kwenye ghuba inayokingwa na rasi ya Ubwari, upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Njia tatu hukutana hapo. Ya kwanza hutoka Uvira, kaskazini, ikiambaa na ziwa. Ya pili hupanda milimani hadi Fizi, makao ya utawala wa teritori, kisha huendelea hadi Lulimba na machimbo ya dhahabu ya Misisi. Ya tatu ni ziwa lenyewe, liunganishalo Baraka na Kigoma, Bujumbura na Kalemie. Mitaa iliyo karibu na makutano hayo, pamoja na soko lake, ndiyo kitovu cha mji.

Burton na Speke walipita Ubwari mwaka 1858, wakisafiri kwa mitumbwi kutoka Ujiji kwenda Uvira, na wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuwatangulia katika njia hiyo. Katika miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alieneza mamlaka yake kutoka Ujiji hadi kaskazini mwa ziwa. Biashara hiyo ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watumwa pia; kwa hiyo lugha iliingia pamoja na bidhaa na pamoja na minyororo. Vita vya 1892 hadi 1894 vilivunja nguvu za wafanyabiashara hao. Kisha reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na ile ya Kabalo ikafika Albertville, yaani Kalemie, mwaka 1915. Biashara kubwa ikahamia kwenye bandari hizo mbili. Kama uhai wa Kiswahili ungaliitegemea misafara peke yake, lugha hiyo ingalififia Baraka.

Haikufifia, kwa sababu watu wa njia panda waliihitaji kila siku. Wabembe, walio wengi, hukutana hapo na Wabuyu, Wazoba wa Ubwari, Wavira, Wafuliiru, Wanyamulenge na Warundi. Kibembe kina udugu wa karibu na Kirega, na Kinyamulenge kiko karibu na Kinyarwanda. Mwenye kujua kimoja tu hamwelewi mwenye kingine. Muuza samaki, mnunuzi wa mawese na mwenye ng'ombe walihitaji lugha ya kupatana bei ambayo haikuwa mali ya kabila lolote kati yao. Hata majina ya samaki yanaonyesha mwendo huo: wale wadogo waitwao dagaa Kigoma huitwa ndagala Bujumbura, na mgebuka wa Kigoma ni mukeke kwa Warundi. Mchuuzi wa ziwani hana budi kuyajua majina yote.

Hata hivyo, njia inayopitisha bidhaa hupitisha pia majeshi. Wakati wa uasi wa Simba, Fizi na Baraka zilikuwa ngome za waasi. Che Guevara alifika Kibamba, kusini zaidi kwenye ufuko huohuo, mwezi Aprili 1965, na katika safari hiyo aliitwa Tatu, kwa kuwa yeye na wenzake wa kwanza walipewa majina ya hesabu ya Kiswahili. Mwishoni mwa Septemba mwaka huo mamluki wa Mike Hoare walishambulia Baraka kutoka ziwani, na Fizi ikatekwa mwezi uliofuata.

Miaka ya 1990 ilikuwa mizito zaidi. Mwezi Septemba 1996 raia Wanyamulenge waliuawa katika teritori ya Fizi. Vita vilivyofuata viliwavusha ziwa maelfu ya wakazi hadi Tanzania, na kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huohuo. Huko Makobola, kati ya mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999, raia kwa mamia waliuawa. Wauaji na waliouawa waliweza kusemezana kwa Kiswahili. Ukweli huu ni lazima usemwe waziwazi mbele ya wale wanaodhani kwamba lugha moja yatosha kuleta umoja.

Kuanzia mwaka 2005 wakimbizi walirudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Watoto waliokulia kambini walirudi na matamshi na msamiati wa Tanzania: wao walisema hospitali, jirani zao wakasema lopitali. Mwaka 2015 Warundi waliokimbia nchi yao walipokewa Lusenda, katika barabara ya Uvira, nao wakawa wateja na wachuuzi wa masoko ya ufuko huo.

Kwa kuhitimisha, Kiswahili cha Baraka si masalio ya misafara. Ni kazi ya watu waliolazimika kuelewana mahali ambapo hakuna aliyeweza kuishi kwa lugha ya nyumbani kwake tu. Lugha hiyo haikuzuia vita. Ila kila mara watu waliporudi, walikuta wamebakiwa na maneno ya kuamkiana, ya kuuliza bei na ya kudai haki. Amani yenyewe yahitaji mengine zaidi, lakini bila maneno hayo haiwezi hata kujadiliwa.