Stika Ubavuni mwa Kompyuta: Leseni za Windows kutoka Malaba hadi Angurai

Mwezi Julai 2005 Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, ilianza kupitisha stakabadhi za mizigo kwenye mfumo wa kompyuta ulioitwa Simba, uliotokana na Gainde, mfumo wa forodha wa Senegal. Kwa mawakala wa forodha wenye ofisi ndogo ndogo Malaba na Busia, kwenye mpaka na Uganda, maana yake ilikuwa wazi: asiye na kompyuta hana kazi. Mashine zikatafutwa, nyingi zikiwa za mtumba, na pamoja nazo likaja swali ambalo wengi walikuwa hawajawahi kulifikiria. Windows iliyomo ndani ni halali ya nani, na mwenye mashine akitaka iliyo mpya zaidi anunue leseni gani?

Swali hilo halikuishia kwenye foleni ya malori. Kaskazini mwa Malaba liko eneo la Angurai, nchi ya wakulima wa Kiteso, ambalo leo limegawanywa katika wadi tatu za eneo bunge la Teso Kaskazini: Kusini, Kaskazini na Mashariki. Kompyuta iliyochoka katika ofisi ya mpakani haitupwi. Hushuka bei, ikaenda kwa mwalimu, kwa karani wa kanisa, au kwa kijana anayetaka kufungua kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi. Kila inapohama mkono mmoja kwenda mwingine, leseni yake ama huhama nayo ama hubaki nyuma, na mara chache sana mnunuzi huelezwa ni lipi limetokea.

Windows XP ndiyo iliyotawala enzi ile. Ilitoka tarehe 25 Oktoba 2001 ikiwa na matoleo mawili makuu, Home na Professional. Huko Marekani leseni kamili ya Home iliuzwa dola 199, na leseni ya kupandisha daraja, kwa aliyekuwa tayari na Windows ya zamani, dola 99. Nafuu hiyo ilikuja na masharti. Mwenye Windows 98 au ME aliruhusiwa kuitumia. Mwenye Windows 95 hakuruhusiwa. Mwenye Windows 2000 hakuweza kupanda kwenda Home hata kidogo. Ilimlazimu kununua Professional, ambayo kupanda kwake pekee kulikuwa dola 199. Mtu aliyenunua kasha la bei ya chini bila kusoma masharti hayo angeweza kufika nyumbani akakuta kompyuta inadai sidii ya Windows ambayo hakuwa nayo.

Hizo zilikuwa leseni za dukani, ambazo mwenyewe aliruhusiwa kuzihamisha kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Aina ya pili ilikuwa ya kiwandani, inayojulikana kwa herufi OEM. Kampuni kama Dell, HP au Compaq ilinunua Windows kwa wingi na kwa bei ndogo, ikaiweka kwenye mashine mpya na kubandika ubavuni stika yenye ufunguo wa herufi na tarakimu 25. Leseni hii imefungwa kwenye bodi kuu ya kompyuta kama logbook ilivyofungwa kwenye nambari ya chesisi: gari likiuzwa kitabu huenda nalo, lakini hakuna awezaye kukichukua akakitumia kwa gari jingine. Aina ya tatu ilikuwa ya mashirika makubwa, ufunguo mmoja kwa mamia ya kompyuta. Kwa kawaida leseni hii ya jumla ilikuwa ya kupandisha daraja tu; kila mashine ilipaswa kwanza kuwa na leseni yake yenyewe chini.

Tofauti hizo tatu ndizo zilizoamua hatima ya kompyuta zilizofika mpakani.

Wachuuzi wa Nairobi, kuanzia Luthuli Avenue hadi Moi Avenue, waliziita ex-UK. Zilikuwa mashine za ofisi za Ulaya zilizotumika miaka michache, zikabadilishwa kwa mpya. Ubavuni zilikuwa na stika ya kiwandani, mara nyingi ya Professional. Ndani, kampuni iliyozimiliki ilikuwa imeweka toleo la jumla kwa leseni yake. Kabla ya kusafirishwa, diski zilifutwa ili siri za kampuni zisitoke nje, na leseni ya jumla ikabaki Ulaya na mwenyewe. Mashine ilifika Afrika Mashariki ikiwa tupu, ila stika ilikuwa ingali pale pale ubavuni, na stika hiyo ilikuwa mali halali ya aliyeinunua. Fundi aliyeweka Professional ileile iliyoandikwa kwenye stika, kisha akachapa ule ufunguo, alikuwa amemaliza kazi bila mteja kulipa senti ya ziada.

Wengi hawakufanya hivyo. Sidii iliyokuwa ikizunguka haikuwa na Professional ya kiwandani. Wiki chache kabla ya XP kutoka rasmi, ufunguo wa leseni ya jumla ya shirika moja ulivuja, na toleo hilo la mashirika halikuhitaji kuthibitishwa. Leseni ya dukani ilimtaka mteja athibitishe ndani ya siku 30, ama kwa intaneti ama kwa kupiga simu, kusoma tarakimu zipatazo 50 na kuandika nyingine 42 alizotajiwa. Katika mji wenye laini chache za simu na intaneti ya kusuasua, sidii isiyouliza kitu ilishinda kirahisi. Microsoft iliuzuia ufunguo ule katika marekebisho ya kwanza ya XP ya mwaka 2002, na funguo nyingine zikachukua nafasi yake.

Sheria ilikuwapo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ilianza kutumika tarehe 1 Februari 2003. Inazilinda programu za kompyuta pamoja na kazi za fasihi, na inamruhusu mwenye programu halali kujitengenezea nakala ya akiba. Uganda ilikuwa na sheria ya mwaka 1964, ya kabla ya kompyuta za nyumbani, hadi ilipopitisha mpya mwaka 2006. Hata hivyo, utafiti wa muungano wa makampuni ya programu, BSA, ulikadiria kwamba mwaka 2011 asilimia 78 ya programu zilizowekwa kwenye kompyuta nchini Kenya hazikuwa na leseni. Takwimu kama hiyo huwaweka watu wote katika kapu moja. Haimtofautishi aliyekwepa kulipa na aliyekuwa na stika halali ubavuni mwa mashine yake lakini akawekewa programu ya wizi na fundi asiyejua maana ya stika hiyo. Huyu wa pili alistahili kuhesabiwa peke yake, kwa sababu alichokosa ni maelezo tu.

Matoleo yalipoongezeka, hasara ya kutojua iliongezeka pia. Vista ya mwaka 2007 na Windows 7 iliyotoka Oktoba 2009 zilikuja na majina mengi: Starter, Home Basic, Home Premium, Professional, Ultimate. Ultimate ilisikika kuwa kubwa kuliko zote, na ndiyo iliyopendwa kwenye diski za kunakili. Lakini ufunguo wa Professional ulioko kwenye stika hauifungui Ultimate. Ukikataa, fundi huona kwamba stika haifai kitu na kuvunja kufuli kwa programu ya mtandaoni. Baada ya muda picha ya nyuma ya skrini hugeuka nyeusi, na pembeni yanatokea maneno kwamba Windows hii si halisi. Mtu aliyekuwa na haki kamili ya kutumia kompyuta yake akageuka mkosaji kwa kuchaguliwa toleo asilolihitaji.

Madhara mabaya zaidi yalikuwa ya kimyakimya. Kwa kuogopa skrini nyeusi, wengi walizima masasisho yote. Oktoba 2008 Microsoft ilitoa rekebisho la udhaifu ambao mwezi uliofuata ulitumiwa na kirusi kilichoitwa Conficker, ambacho baadaye kilijifunza kuenea kwa flash diski pia. Masasisho muhimu ya usalama yalikuwa yakitolewa hata kwa Windows zisizo halali, kwa hiyo haikuwa lazima kuzima yote, ila hakuna aliyewaambia watu hivyo. Mahali ambapo kazi za wanafunzi, barua za kuomba kazi na hesabu za vikundi vilihamishwa kwa flash kutoka saiba hadi nyumbani, kirusi hakikuhitaji njia nyingine.

Wakati huohuo upande wa pili wa mto Malaba sera ilikuwa ikigeuka. Katika bajeti ya Juni 2009 Uganda ilipiga marufuku kuingiza friji, televisheni na kompyuta zilizotumika, na utekelezaji ukaanza Aprili 2010, ingawa baadaye masharti ya kompyuta yalilegezwa. Kenya iliendelea kuzipokea. Kompyuta ileile ikawa bidhaa halali kwenye ukingo mmoja wa mto na magendo kwenye ukingo wa pili.

Kulikuwa na mlango mwingine uliokuwa wazi muda wote huo. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na wataalamu wa Sweden, ulizindua Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili zisizohitaji kununuliwa. Mwaka huohuo Ubuntu, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ilizaliwa, na hadi mwaka 2011 kampuni iliyoisimamia ilituma sidii bure kwa posta kwa yeyote aliyeziomba, popote duniani. Leseni yake inaruhusu mtu kunakili, kugawa na kubadilisha. Programu hizi zilistahili kupokelewa kwa mikono miwili. Lakini mafundi walikuwa wamefunzwa kwa Windows, na somo la kompyuta katika shule za sekondari lilifundishwa kwa Word, Excel na Access. Mzazi anayemnunulia mtoto wa kidato cha tatu kompyuta alitaka ile itakayofanana na ya chumba cha mtihani.

Tarehe 29 Julai 2015 historia hii ilikuja hadi Kenya yenyewe. Nairobi ilikuwa miongoni mwa miji 13 duniani iliyochaguliwa kwa sherehe za uzinduzi wa Windows 10, na mkuu wa Microsoft, Satya Nadella, alikuwa nchini siku hizo. Alifika pia Nanyuki kuona mradi wa intaneti wa Mawingu. Mfumo mpya ulitolewa bure kwa mwaka mmoja kwa wenye Windows 7 na 8.1 halali. Miezi michache kabla, kampuni ilikuwa imezungumza kana kwamba hata Windows zisizo halali zingepandishwa. Ikafafanua baadaye kwamba zinaweza kupanda, lakini haziwi halali kwa kupanda.

Hapo ndipo ile stika ya zamani ilipopata thamani mpya. Starter na zile za Home zilipanda kuwa Windows 10 Home. Professional na Ultimate zikawa Pro. Muda wa bure uliisha rasmi tarehe 29 Julai 2016, lakini kwa miaka mingine saba funguo za Windows 7 ziliendelea kukubalika katika Windows 10, hadi Microsoft ilipotangaza Septemba 2023 kwamba njia hiyo imefungwa. Katika miaka hiyo yote mwalimu wa Angurai aliyekuwa na mashine ya ofisi ya Ulaya yenye stika ya Windows 7 Professional inayosomeka alikuwa na Windows 10 Pro halali mikononi mwake.

Mashine zilizotengenezwa kuanzia enzi ya Windows 8, mwaka 2012, hazina ufunguo kwenye stika. Umehifadhiwa ndani ya bodi kuu yenyewe. Fundi akiweka toleo lilelile la awali, kompyuta hujithibitisha bila kuulizwa kitu. Kwa mnunuzi, ukaguzi ni wa dakika moja: kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kuandika slmgr /dli, na kusoma kidirisha kinachofunguka. Neno OEM_DM maana yake leseni ni ya bodi na inakuja na mashine. RETAIL kwa kawaida ni ya dukani, na muuzaji aseme kama ameiuza pamoja na kompyuta au anaichukua. VOLUME kwenye kompyuta ya nyumbani ni sababu ya kuuliza maswali kabla ya kutoa pesa, kwa kuwa ni ya shirika, na huenda hata ni ya kuvunjwa.

Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, iliongeza swali jipya juu ya la zamani. Leseni yake kwa mwenye Windows 10 halali ni bure, toleo kwa toleo, lakini inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa za kizazi cha nane na kuendelea isipokuwa chache. Vipakatalishi vingi vya mtumba vinavyouzwa mpakani havifikii kiwango hicho. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Watumiaji wa nyumbani wamepewa njia ya kupata masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026: kwa dola 30, au bila malipo kwa anayehifadhi mipangilio yake katika akaunti ya Microsoft. Leseni moja ya aina hiyo inatosha kompyuta hadi 10 za akaunti moja, kiasi cha kutosheleza familia nzima, mradi kila moja iwe na Windows 10 toleo la 22H2. Baada ya hapo mwenye mashine ya zamani ana njia mbili zilizo halali na salama: kununua kompyuta nyingine inayofaa, akikagua leseni yake kabla ya kulipa, au kuiwekea ya sasa Ubuntu, ambayo sasa haisubiri posta bali hupakuliwa kwa intaneti.