Watu Wote: Filamu ya abiria waliokataa kutenganishwa

WATU WOTE ni filamu fupi ya dakika 22 iliyotolewa mwaka 2017. Mwelekezi wake, Katja Benrath, ni Mjerumani, naye aliitayarisha kama kazi ya kuhitimu katika chuo cha Hamburg Media School. Wahusika huzungumza Kiswahili na Kisomali.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Mnamo Desemba 21, 2015, magaidi wa Al-Shabaab walivamia basi lililokuwa likielekea Mandera, wakawaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Kila mmoja aliujua mwisho wa amri hiyo, kwani Novemba 2014 watu 28 waliokuwa wakisafiri kutoka Mandera walitengwa vivyo hivyo, wakauawa. Mara hii abiria walikataa. Wanawake wa Kiislamu waliwavisha hijabu wenzao Wakristo ili wasitambuliwe.

Mhusika mkuu ni Jua (Adelyne Wairimu), Mkristo ambaye mumewe na mtoto wake waliuawa na magaidi. Anapanda basi akiwatazama abiria wenzake kwa hofu na uchungu ambao hajitahidi kuuficha. Hapo ndipo ulipo uzito wa filamu hii, kwa maoni yetu. Dhamiri inayopimwa si ya mwenye bunduki peke yake. Ni ya Jua pia, kwani wanaomsitiri ni wale wale aliokwisha kuwahukumu moyoni. Mwalimu Salah Farah (Abdiwali Farrah) ndiye anayesimama na kuwakabili wavamizi kwa mafunzo ya dini wanayodai kuitetea.

Mkazi wa Kau, kandokando ya mto Ozi, hana haja ya kufafanuliwa maana ya kuulizwa wewe ni wa upande gani. Agosti 22, 2012, zaidi ya watu 50 waliuawa kijijini Riketa, katika mapigano ya Wapokomo na Waorma yaliyoendelea hadi Januari 2013. Kigezo huko kilikuwa kabila, na ugomvi ulikuwa wa mashamba, malisho na njia za mifugo kufika mtoni. Mnamo Julai 2014 bunduki zilisikika tena, safari hii katika kituo cha polisi cha Gamba.

Watu Wote iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018, ikashindwa na The Silent Child ya Uingereza. Mwalimu Farah halisi, aliyepigwa risasi katika uvamizi huo, alifariki Januari 2016 akitibiwa Nairobi.