Penye vilima, mita 400 si mita 400

Sisi wa kisiwani Mombasa tumelelewa na tambarare. Kutoka Makupa hadi Feri mguu unakufikisha, na hamali anafika na mkokoteni wake. Mwinuko tunaoujua vizuri ni ule wa kivukoni Likoni, ambapo hamali akipanda na mzigo lazima wenzake wamsukumie. Labda ndiyo sababu tukizungumzia usafiri tunataja umbali tu.

Mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo bado inatumika: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, kisha ongeza saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Sasa, ndugu msomaji, chukua nyumba iliyo mita 400 kutoka stejini. Kwenye tambarare ni dakika 5. Ikiwa nyumba hiyo iko juu ya steji kwa mita 60, zinakuwa dakika 11, na huyo ni mwenye pumzi zake, hana mtungi wa maji wala mtoto mgongoni. Bibi mwenye magoti mabovu atabaki nyumbani.

Tena safari yenyewe haiko sawa pande zote mbili. Asubuhi watu hushuka kwa miguu. Jioni, wamechoka na wana mizigo, ndipo hutafuta gari. Na gari lina taabu zake. Linapanda kwa gia ya chini likila mafuta, na likishuka breki zinapata moto. Njia ikigeuka kichochoro cha ngazi, abiria wanashushwa hapo hapo. Anayeishi juu kabisa, na katika miji mingi ndiye maskini zaidi, atalipa bodaboda juu ya nauli aliyokwisha kulipa, au atapanda kwa miguu.

Medellín, nchini Kolombia, ilikuwa hivyo. Mwaka 2004 ilifungua Metrocable, vibanda vinavyoning'inia kwenye waya kutoka mitaa ya juu ya Santo Domingo hadi kwenye treni ya mji. Wageni hupiga picha vibanda. Mimi kilichonivutia ni nauli, kwa kuwa abiria anaunganisha na treni bila kulipa upya. Mwaka 2011 mtaa wa Comuna 13 uliwekewa ngazi za umeme za nje, na kuzipanda ni bure. La Paz, Bolivia, ilifuata na waya zake mwaka 2014 kwenda El Alto, mji ulio zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari.

Kwetu Pwani, magari ya waya yalipendekezwa kwa Likoni, kuvuka maji. Lakini vilima tunavyo Taita. Gari linapopanda kona za kwenda Wundanyi, wapo abiria wanaoshuka njiani na bado wana kilima cha kupanda kwa mguu. Hapo mimi ningeanza na vitu vya bei nafuu: ngazi za zege zenye vishikio, mfereji pembeni ili mvua isizibomoe, mabenchi ya kupumzikia, taa, na steji isogezwe juu pale gari linapoweza kugeuza.