Rubani Asiyepanda Chombo

Katika pwani ya Afrika Mashariki neno rubani ni kongwe kuliko ndege. Zamani lilikuwa jina la mtu aliyejua njia za majini: miamba iliyofichika, mikondo ya bahari, dalili za pepo na mlango wa kila bandari. Nahodha alikuwa na amri juu ya jahazi, lakini penye hatari alimsikiliza rubani. Heshima yake ilitoka katika mambo mawili, ujuzi wake na ushirika wake katika hatari. Maana jahazi likipasuka juu ya mwamba, rubani alizama pamoja na wale aliowaongoza. Ndege zilipokuja, neno lilihamia angani bila kubadili maana. Leo maana hiyo imetiwa mashakani. Chombo kiitwacho ndege isiyo na rubani, au droni, kwa hakika kinaye rubani, ila hayumo ndani yake. Ameketi chumbani, pengine maelfu ya maili kutoka uwanja wa vita, na chombo kikianguka yeye huinuka kitini bila mchubuko. Katika majeshi ya dunia hadhi ya mtu huyu inapanda mwaka hata mwaka. Yafaa kuuliza inapanda juu ya nini.

Katika vitongoji vya Dar es Salaam swali la hadhi ya askari si geni, ingawa silaha hii ni mpya. Kinondoni, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, ipo kambi ya Lugalo. Wakati wa ukoloni iliitwa Colito, kwa kumbukumbu ya pigano la mwaka 1941 huko Ethiopia, ambako askari wa King's African Rifles walipigana na Waitalia. Ndipo hapo, tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles walipoasi, wakidai mishahara bora na maofisa Waafrika mahali pa Waingereza. Yale yalikuwa madai ya heshima kama yalivyokuwa madai ya fedha. Jeshi lile lilivunjwa, Jeshi la Wananchi wa Tanzania likaundwa mwaka ule ule, na kambi ikapata jina la mahali katika nchi ya Uhehe ambapo, tarehe 17 Agosti 1891, watu wa Mkwawa walikiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski. Zelewski alikuwa na bunduki za kisasa na mizinga. Wengi wa Wahehe walikuwa na mikuki. Walivizia vichakani mpaka adui akawa karibu mno, na silaha ya mbali ikakosa nafasi ya kufanya kazi yake. Jina la Lugalo, basi, ni sifa ya askari apiganaye karibu. Lakini mwaka 1894 Wajerumani walirudi na mizinga wakaiteka ngome ya Kalenga. Safari ile umbali uliwafaa.

Silaha ya mbali, walakini, haipigi vyema bila jicho la mbali. Jambo hili lilidhihirika Rufiji, kusini ya Dar es Salaam, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha katika matawi ya mto, nyuma ya misitu ya mikoko. Waingereza walikuwa na mizinga lakini hawakuiona shabaha. Rubani wa kwanza waliyemtuma, Cutler, hakuwa askari wa kazi. Alikuwa akionyesha watu urukaji huko Afrika ya Kusini, akakodiwa. Aliiona manowari, kisha katika safari nyingine ndege yake ilishuka mtoni naye akatekwa. Tarehe 11 Julai 1915 ndege nyingine ilipaa kutoka kisiwa cha Mafia. Cull aliendesha, na Arnold, mtazamaji wake, alipeleka habari kwa simu ya upepo: kombora hili limepita, hili limepungua. Ndege ikapigwa. Ilipokuwa ikishuka bila nguvu ya injini, Arnold aliendelea kusahihisha shabaha hata wakaanguka majini. Wote wawili waliokolewa, na Königsberg ikaharibiwa. Arnold hakufyatua mzinga hata mmoja, lakini hakuna aliyeona ajabu kumhesabu miongoni mwa wapiganaji, kwa sababu mwili wake ulikuwa mahali palipokuwa na macho yake.

Vita vile vile viliacha hesabu nyingine. Nyuma ya kila bunduki walikwenda wachukuzi, wakibeba risasi na chakula vichwani kupita mabwawa na nyika. Makumi ya maelfu yao walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kumbukumbu yao Dar es Salaam ni jina la Kariakoo, lililotokana na matamshi ya Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi. Katikati ya mji sanamu la Askari, lililosimamishwa mwaka 1927, humwonyesha mtu mwenye bunduki na singe. Maandishi ya chini yake huwataja na wachukuzi, lakini mchukuzi hakupewa sura wala umbo. Hivyo ngazi ya heshima ilikwisha jengwa: mwenye chombo juu, mwenye bunduki katikati, mwenye mzigo chini.

Juu ya ngazi hiyo ndipo anapopanda rubani wa leo. Marekani ilianza kuua kwa droni nchini Afghanistan mwaka 2001. Baada ya miaka michache vyombo hivyo viliruka hata katika pembe hii ya dunia, kutoka Djibouti na, tangu mwaka 2009, kutoka Shelisheli. Kikundi kidogo kilichopo uwanjani hukiinua chombo na kukishusha. Katikati ya safari uongozi hupokewa kwa njia ya setilaiti na rubani aliyeketi katika kituo kama Creech, jimbo la Nevada. Mwenzake huongoza kamera. Mwanzoni kazi hii ilidharauliwa na marubani wa ndege za kivita, waliohesabu kuwa ni adhabu kupelekwa huko. Kisha uhaba wa watu ukaigeuza kuwa kazi ya kubembelezewa, hata katika mwaka 2016 rubani aliyekubali kubaki kazini aliweza kupewa nyongeza ya dola 35,000 kwa mwaka. Februari 2013 Waziri wa Ulinzi Leon Panetta alitangaza nishani mpya kwa ajili yao na wenzao, yenye daraja juu ya nishani apewayo askari aliyejeruhiwa. Askari wa zamani walighadhibika. Haukupita muda wa miezi mitatu waziri aliyemfuata, Chuck Hagel, aliifuta. Mwaka 2016 jeshi lilitoa alama ndogo, herufi R, ibandikwe juu ya nishani nyingine kuonyesha tendo lililofanywa kwa mbali. Katika kisa hicho kifupi umo ugomvi wote: nusu ya kwanza ya heshima ya rubani, ambayo ni ujuzi, ilikubaliwa, nusu ya pili, ambayo ni hatari, ilitafutwa isionekane.

Kwa Watanzania ugomvi huo uliingia nyumbani kwa njia ya Kongo. Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda kikosi maalumu cha Tanzania, Afrika Kusini na Malawi kupambana na waasi wa Kivu, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa. Mapema Novemba waasi wa M23 walishindwa. Tarehe 3 Desemba 2013 ndipo Umoja wa Mataifa ulipozindua Goma droni zake za kwanza za uchunguzi, zisizo na silaha. Hazikuendeshwa na jeshi lolote la kikosi kile. Ziliendeshwa kwa mkataba na kampuni ya Italia, Selex ES. Jicho la kukodiwa la Rufiji lilirudi Kivu baada ya miaka 99. Mei 2014 jicho hilo liliona mashua inayozama katika ziwa Kivu, na watu zaidi ya 10 wakaokolewa. Pale rubani wa mbali alistahili shukrani sawa na rubani yeyote wa jahazi.

Walakini jicho si mkono. Tarehe 7 Desemba 2017, miaka minne baada ya uzinduzi ule, kambi ya Watanzania huko Semuliki, wilaya ya Beni, ilishambuliwa kwa saa nyingi. Askari 15 walipoteza maisha, na miili yao ikarudishwa Dar es Salaam. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulikuta kwamba hapakuwa na mpango wa kufaa wa kuwapelekea msaada askari waliozingirwa. Aprili 2024 bomu la mota liliua Watanzania wengine 3, waliokuwa katika jeshi la SADC. Januari 2025 Goma yenyewe ikaanguka mikononi mwa M23. Wakati sifa za vyombo vya angani zikiongezeka, waliobebwa majenezani walikuwa wale wale wa miguu.

Wapo wasemao kwamba rubani wa droni naye ana majeraha, nayo ni ya moyo, kwani humwona aliyemuua kwa karibu kuliko rubani wa ndege ya mabomu. Hoja hii ina kweli, na wapo marubani waliokiri hadharani mateso hayo. Wengine huonyesha Ukraine, iliyoamua mwaka 2024 kuunda tawi zima la jeshi kwa ajili ya vyombo hivi, na ambako rubani aliye karibu na mstari wa vita huwindwa kuliko askari wa kawaida. Huyo amerudiwa na hatari, na heshima yake haina wa kuipinga. Lakini kwa rubani wa mbali hatari haikufa, ila imehama. Wakazi wa Mbagala, Temeke, wanajua kwamba silaha haimdhuru askari peke yake: tarehe 29 Aprili 2009 ghala la mabomu la jeshi lililipuka karibu na nyumba zao, na watu zaidi ya 20 wakafa. Vivyo hivyo hatari iliyoondolewa kitini pa rubani humkuta aliye chini. Aprili 2018 Marekani ilitangaza kwamba shambulio lake karibu na El Buur, Somalia, liliua magaidi 5 bila kumgusa raia. Ilichukua mwaka mzima kukiri kwamba mwanamke na mtoto walikuwa miongoni mwa waliokufa.

Kama, basi, rubani huyu hawezi kushiriki hatari ya wale anaowaona, hapana budi heshima yake ipate nguzo nyingine, nayo ni kujibu kwa alichokiona: aliona nini, alimwambia nani, na baada yake kulitendeka nini. Si nguzo isiyowezekana. Tangu mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam wamechora ramani za mitaa ya mafuriko, Tandale ya Kinondoni ikiwamo, kwa msaada wa picha za droni. Picha ilionyesha paa na mitaro. Jina la kichochoro, na mahali maji yalipofika ukutani mwaka uliopita, havikuonekana kutoka juu. Iliwabidi kushuka na kuwauliza wenyeji, nyumba kwa nyumba. Walioonekana kwa chombo walipata nafasi ya kumsahihisha aliyewaona. Mahali nafasi hiyo ilipo, mwendesha droni anaweza kuitwa rubani bila kuliaibisha neno. Mahali isipokuwapo, nishani na nyongeza ya mshahara hazitoshi kumpa jina hilo.