Programu-jalizi: Neno, Nira na Kalenda

Machi 2017, Serikali ilipozuia mchanga wa dhahabu wa migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi usisafirishwe nje ya nchi, Watanzania walifundishwa istilahi bila kukaa darasani. Mpaka hapo wengi walikuwa wakisema "mchanga" tu. Mwezi Mei kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikasoma Ikulu ripoti yake kuhusu makontena 277 yaliyokuwa yamezuiwa Dar es Salaam, na baada ya siku ile ilikuwa kazi kukuta kijiwe ambacho hakijui makinikia ni nini.

Ukilichunguza neno hilo utalikuta na walakini. Mzizi wake ni makini, na makini ni sifa ya mtu aliyetuliza akili. Kilichokuwa ndani ya makontena ni unga mzito wenye shaba, dhahabu na fedha. Kuna kila dalili kwamba neno la Kiingereza lenye maana mbili lilishikwa kwa maana moja, kisha likabebeshwa ya pili. Nani alijali? Neno lilipata kazi, kazi yenyewe ilikuwa ya fedha nyingi, basi likakaa.

Neno programu-jalizi bado linasubiri makontena yake. Utaliona katika programu za Google zilizotiwa Kiswahili, utalikuta katika makala za teknolojia, lakini kijana anayetengeneza tovuti Kahama au Katoro atakwambia plagini. Simlaumu. Shida ni kwamba plagini inampa mteja wake sauti bila maana. Mteja huyo anajua plagi ya ukutani na plagi ya pikipiki, kwa hiyo anadhani ameambiwa habari za umeme, na anapodaiwa hela ya "kuweka plagini ya kalenda" anahisi anaibiwa.

Neno la Kiswahili linasema zaidi. Kujaliza ni kutia kilichopungua hadi kitu kitimie. Wanasarufi nao wana kijalizo, neno au kirai kinachokamilisha maana ya kitenzi. Programu-jalizi basi ni programu inayokuja baadaye, juu ya programu nyingine iliyokwisha kusimama, ili kuipa uwezo ambao haikuzaliwa nao. Wapo wanaotaka kichomeko, kutokana na kuchomeka, na sababu zao si mbaya: kinachochomekwa kinaweza kuchomolewa, jambo ambalo jalizi hailisemi. Ila kwetu kuchomekea ni habari ya shati na suruali, na ni habari ya bodaboda anayejipenyeza kati ya malori mawili barabara ya Isaka. Kichomeko kinakueleza namna ya kuingia. Jalizi inakueleza kilichokupeleka huko. Mimi nachagua jalizi, na la kuchomoa nitalieleza kwa maneno mengine.

Mkulima wa Kishapu mwenye jozi ya maksai anajua jambo hili kuliko mhitimu wa kompyuta. Msimu wa kulima anafunga plau. Pamba ikiiva anafungua plau na kufunga mkokoteni. Maksai ni wale wale. Kinachowezesha mabadilishano ni nira: mahali palipotengenezwa makusudi ili kitu kingine kifungwe hapo bila kumpasua mnyama. Tovuti isiyo na nira nayo inaweza kuongezewa kalenda, lakini itabidi fundi aingie ndani ya msimbo wenyewe na kukata na kushona, na toleo jipya likitoka mshono wote umefumuka.

WordPress, mfumo unaoendesha sehemu kubwa ya tovuti za dunia, ulianzishwa 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little. Nira yake ilikuja mwaka uliofuata, katika toleo la 1.2. Ndani ya mfumo kuna vituo vingi vilivyopewa majina, na watengenezaji wake huviita kulabu. Kila ukurasa unapoandaliwa, mfumo unapita kituo kwa kituo ukiuliza: kuna mwenye jambo hapa? Programu-jalizi iliyojiandikisha kwenye kituo hicho inaitwa, inafanya lake, kisha safari inaendelea. Kulabu nyingine ni za kutenda, kwa mfano ukurasa unapohifadhiwa. Nyingine ni za kuchuja: mfumo unakukabidhi maandishi yanayokwenda kuchapwa kwenye skrini, nawe unayarudisha yalivyo au ukiwa umeyabadilisha. Hizi za kuchuja tutazihitaji mbele.

Kusakinisha programu-jalizi ya kalenda ni kazi ya dakika chache: unaitafuta kwa jina, unaisakinisha, unaiamilisha. The Events Calendar na My Calendar ni mbili kati ya nyingi zinazopatikana bure. Baada ya hapo menyu inapata sehemu mpya yenye visanduku vya jina la shughuli, mahali, mwanzo na mwisho, na ukurasa mmoja wa tovuti unageuka kalenda. Tahadhari mbili tu. Usipakue toleo la kulipia lililovunjwa kufuli na kusambazwa bure, maana aliyelivunja mara nyingi ameacha mlango wake humo. Na kama wasomaji wako wako Rwamgasa au Nyarugusu na simu ya bando dogo, chagua mwonekano wa orodha badala ya jedwali la mwezi mzima: jedwali la safu saba kwenye kioo cha simu halisomeki, na linabeba mafaili ambayo msomaji analipia bila faida.

Sasa la kuchomoa. Zima programu-jalizi ya kalenda, uone kinachobaki. Mara nyingi ukurasa unaonyesha jina fupi ndani ya mabano mraba, lile lililokuwa likiiita kalenda, sasa linaita bila kuitikiwa. Shughuli ulizoziandika hazijafutika, zimo kwenye hifadhidata, ila hakuna anayejua kuzionyesha. Kwa hiyo kabla hujahama kutoka programu-jalizi moja kwenda nyingine, toa kwanza nakala kwa faili la .ics. Mpangilio wa faili hilo, iCalendar, uliwekwa kuwa kanuni ya intaneti 1998 na kuandikwa upya 2009, na ndiyo lugha ambayo kwayo kalenda nyingi za simu na kompyuta zinasikilizana.

Mpaka hapa neno limetutosha. Ugumu unaanza kwenye kile kinachowekwa ndani ya kalenda, na hapo wafasiri wetu walipita haraka mno. Karibu kila mahali wameandika "tukio". Kalenda ya Matukio. Lakini kutukia ni kutokea, mara nyingi bila kupangwa. Polisi wanafika eneo la tukio; gari limepinduka, hilo ni tukio; duara la wachimbaji limetitia Mgusu, hilo ni tukio, Mungu aepushe. Anayeandika "Matukio ya wiki ijayo" kwenye tovuti ya kikundi cha wachimbaji wadogo ana hatari ya kusomwa kama mganga. Hafla ni neno zuri lakini limevaa suti: kuna meza kuu na mgeni rasmi. Shughuli ndiyo inayokaribia, ingawa nayo huku ikitajwa peke yake watu husikia harusi na michango. Hata hivyo ni pana. Mkutano ni shughuli, mnada ni shughuli, mafunzo ya zebaki ni shughuli. Ningeandika Kalenda ya Shughuli, na tukio ningewaachia wanahistoria na polisi. Programu-jalizi nyingi zinakuruhusu kubadilisha neno hilo katika tafsiri zake bila kugusa msimbo.

Kisha swali la kurudia. Minada mingi ni ya kila wiki siku ile ile, na iCalendar ina kanuni fupi kwa ajili hiyo: unaandika mara moja kwamba shughuli ni ya kila wiki, siku fulani, na kompyuta inazaa tarehe zote. Halmashauri ikifunga minada kwa karantini ya ugonjwa wa mifugo, hufuti kanuni. Unaongeza orodha ya tarehe zilizorukwa. Nane Nane nayo haina tabu, 8 Agosti kila mwaka, ingawa lazima uandike mahali kwa uangalifu: Shinyanga huenda Nyakabindi, Bariadi, na Geita huenda Nyamhongolo, Mwanza. Soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, halihitaji kalenda kabisa. Saa za kazi chini ya ukurasa zinatosha.

Lakini jaribu Bulabo. Sherehe hiyo ya Bujora, Kisesa, ambako wacheza ngoma wa makundi ya Bagika na Bagalu hushindana mbele ya maelfu, imefungwa kwenye sikukuu ya Ekaristi. Ekaristi ni Alhamisi ya siku 60 baada ya Pasaka, na mahali pengi huadhimishwa Jumapili inayofuata. Pasaka yenyewe ni Jumapili baada ya mwezi mpevu unaoangukia 21 Machi au baada yake kwa hesabu ya Kanisa. Kanuni ya kurudia ya iCalendar haina namna ya kusema hayo. Idd ni ngumu zaidi, maana kwa Tanzania inategemea mwezi kuonekana na Mufti kutangaza. Maonesho ya madini ya Geita, ya kila mwaka, huangukia mara nyingi kati ya Septemba na Oktoba, tarehe zikipangwa mwaka ule ule. Na ngoma za mbina za vijijini hazina tarehe hata moja: zinakuja mavuno yakishaingia ghalani. Mwenye tovuti lazima aziingize hizi kwa mkono kila mwaka, na kwa Idd aandike siku mbili na maneno "kutegemea mwandamo wa mwezi". Kuwasha kitufe cha "kila mwaka" hapo ni kuwadanganya wasomaji kwa bidii ya mashine.

Nimeacha saa mwisho kwa kuwa ndizo zenye utamu. Programu-jalizi inakuuliza mkutano unaanza lini, nawe unajaza 7:00. Msomaji anaona 7:00 na anakuja saa saba. Ofisi zetu huandika saa 1:00 asubuhi kwenye barua za mwaliko. Kompyuta ndiyo haijui. Tarehe na saa za WordPress hupangwa kwa herufi za lugha ya PHP, kila herufi na kazi yake: moja inatoa saa kwa mzunguko wa 12, nyingine kwa mzunguko wa 24. Hakuna herufi inayotoa saa ya Kiswahili.

Kuna mji, hata hivyo, ambao unatumia saa zetu. Tanzania imetangulia saa ya kimataifa kwa saa tatu, Japani kwa tisa, tofauti ni sita kamili. Shinyanga ikiwa saa moja asubuhi, saa ya ukutani Tokyo inaonyesha 1. Kuna zaidi: kwetu inapogonga saa kumi na mbili jioni, Tokyo ndiyo wanaingia siku mpya, kama walivyohesabu wazee wa pwani ambao usiku wa Ijumaa kwao ni ule unaotangulia Ijumaa mchana. Fundi mjanja anaweza kuweka majira ya tovuti kuwa ya Tokyo na kujipongeza. Namba zote zitakaa sawa, na simu ya mtu aliyejiunga na kalenda itageuza saa vizuri tu. Ila mkutano wa Alhamisi saa moja usiku utajitokeza kwenye ukurasa chini ya Ijumaa, na wanachama wasiohesabu siku kama wazee wa pwani watafika siku moja wamechelewa.

Dawa ni kuacha majira ya tovuti kuwa ya Dar es Salaam, kuacha hifadhidata ibaki na saa ya kimataifa, kisha kuandika programu-jalizi ndogo ya kuijaliza programu-jalizi ya kalenda. Inajifunga kwenye ile kulabu ya kuchuja, pale saa inapotaka kuchapwa, inaongeza sita, inatoa 12 mpaka isizidi 12, na kuambatisha neno la wakati. Hesabu hiyo ni mistari michache. Neno la wakati ndilo litakalomtoa jasho mwandishi wake: alfajiri inaishia wapi, jioni inaanzia saa kumi au saa kumi na moja, na alasiri inatajwa au inaachwa? Pwani watakujibu kwa adhana, Kishapu kwa ng'ombe kurudi zizini. Na mkesha wa Jumamosi unaoanza saa sita kamili usiku, ambao kwa kompyuta tayari ni Jumapili, usiandikwe Jumamosi wala Jumapili. Tuna njia ya kuusema bila kumpoteza mtu: usiku wa kuamkia Jumapili. Programu hiyo iwekewe kanuni kwamba kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi ichape "usiku wa kuamkia" mbele ya jina la siku.