Kumbukumbu na Hedseti: Urithi wa Opereta

Mwaka 1879, katika mji wa Lowell, Massachusetts, nchini Marekani, simu ziliunganishwa na maopereta wanne waliojua kwa kichwa jina la kila mteja na tundu lake kwenye swichibodi. Inasimuliwa kwamba surua ilipozuka, Daktari Moses Greeley Parker alihofia maopereta wakiugua wote hatapatikana wa kushika nafasi zao, akashauri wateja wapewe namba. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinajibu lawama ya siku nyingi, kwamba kitufe cha kumbukumbu kwenye simu isiyo na waya kimetufanya wasahaulifu. Simu ilipoanza, mpigaji hakutakiwa kukariri namba yoyote. Aliyekumbuka ni opereta. Hata hedseti ilianza kwake, maana mikono yote miwili ilikuwa kwenye nyaya, na katika miaka ya 1880 alivishwa chombo kizito kilichokalia mabega.

Mzigo ulimwangukia mteja baadaye. Almon Strowger alipata hataza ya mtambo wa kuunganisha simu bila opereta mwaka 1891, na kadiri mitambo hiyo ilivyoenea, kila mwenye simu akawa opereta asiye na zana za opereta. Kampuni za simu za Bell zilipoanza kufuta majina ya vituo vya simu kwenye namba na kuweka tarakimu saba tupu, wakazi wa San Francisco waliunda umoja wa kupinga mwaka 1962. Naona walikuwa na haki. Muongo huohuo ilitumika simu iliyosoma namba kutoka kadi ya plastiki yenye matundu, na baadaye kumbukumbu ya kielektroniki ikafanya kazi hiyo: unaingiza namba mara moja, unaihifadhi chini ya tarakimu, tuseme 3, na tangu hapo unabonyeza kitufe cha kumbukumbu, kisha 3. Ni kweli kwamba simu ikiharibika namba zote huenda nayo. Hiyo ni sababu ya kuziandika pia daftarini, wala si sababu ya kukiacha kitufe.

Wengine watasema jambo kubwa lilikuwa kukata waya, kama George Sweigert wa Ohio alivyofanya katika hataza yake ya mwaka 1969, na kwamba mengine ni mapambo. Sikubali. Waya ulipoondoka, mkono mmoja ulibaki umeishikilia simu sikioni. Lililoufungua mkono huo ni tundu dogo la milimita 2.5 ubavuni mwa simu: unachomeka plagi ya hedseti, unaibana simu mkandani, na unaweza kuandika maelekezo ya daktari huku mtoto amelala begani. Kwa mzee ambaye vidole vinamuuma, kubonyeza mara mbili badala ya saba, bila kukishika chombo muda wote wa mazungumzo, ndiko kunakomwezesha kupiga simu bila kumngoja mtu wa kumpigia.