Neno Lilitangulia Reli: Ubia wa Kigeni na Safari ya Reli Kuelekea Burundi

Katika lugha ya Kirundi, treni huitwa gariyamoshi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kulitambua neno hilo, maana ni gari la moshi letu lililovuka mpaka. Jambo la kustaajabisha ni kwamba Burundi imekuwa na neno hili kwa miaka mingi bila kuwa na reli hata kilomita moja. Mtoto wa Gitaza au Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, hujifunza jina la chombo ambacho hajawahi kukisikia kikipiga honi nchini mwake.

Makala haya yanajadili kwa nini reli ilichelewa kufika, na tunajifunza nini kutokana na wageni waliojenga au kuendesha reli iliyokaribia mwambao huu. Swali hili si la kihistoria tu. Januari 2025 serikali za Tanzania na Burundi zilitia saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza, mkoani Kigoma, hadi Musongati nchini Burundi. Kabla hatujashangilia, hatuna budi kutazama nyuma.

Wajerumani na reli ya kati

Reli ya kati ya Tanganyika ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Kampuni yake ilitegemea fedha za Deutsche Bank, serikali ya Ujerumani ikidhamini riba, na kazi ya ujenzi akapewa mkandarasi Philipp Holzmann. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma Februari 1914, mwendo wa kilomita zipatazo 1,250. Chini ya Holzmann walikuwapo wakandarasi wadogo wa Kigiriki, na chini yao maelfu ya vibarua Waafrika, wengi wakiwa Wanyamwezi. Katika kambi hizo watu wa makabila mengi waliambizana kazi kwa Kiswahili.

Hapa neno ubia halifai. Mwenyeji hakuulizwa reli ipite wapi wala ibebe nini. Hata hivyo, kwa mwambao wa Burundi, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, reli hiyo ilibadili mambo mengi. Wafanyabiashara wa Ujiji walikuwa wakifika huku tangu karne ya 19, na Kiswahili pamoja nao. Sasa Kigoma, jirani ya Ujiji, ikawa mwisho wa reli na mwanzo wa safari za meli. Meli Graf Goetzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa na kufungwa katika makasha, ikasafirishwa kwa bahari na reli, kisha ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Baadaye ilizuliwa, na tangu mwaka 1927 ikaendelea na kazi kwa jina la Liemba.

Wajerumani walikuwa na mpango mwingine wa reli kutoka Tabora kuelekea Rwanda. Kazi ilikuwa imeanza vita vilipozuka mwaka 1914, na mpango huo ukafa. Hilo ndilo somo la kwanza: reli inayotegemea hazina ya mgeni hutegemea pia amani ya mgeni.

Faranga moja kwa mwaka

Baada ya vita, Ubelgiji ilichukua Ruanda-Urundi na Uingereza ikachukua Tanganyika. Reli ikabaki upande mmoja wa mpaka na wateja wake upande wa pili. Tarehe 15 Machi 1921 mataifa hayo mawili yalitia saini mapatano mjini London. Ubelgiji ikapewa maeneo yake katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, pamoja na haki ya kupitisha bidhaa zake. Maeneo hayo yakajulikana kwa jina la Belbase.

Kwa mzigo, mpango ulikuwa mzuri. Kahawa ya Burundi iliweza kushuka hadi ziwani, kuvuka hadi Kigoma na kupanda behewa mpaka Dar es Salaam. Lakini hakuna Mrundi wala Mtanganyika aliyekaa mezani. Aidha, kwa kuwa njia ya maji ilitosheleza mahitaji ya mkoloni, hapakuwa na haraka ya kuingiza reli milimani. Burundi ikabaki mteja wa mwisho wa reli ya wengine. Kiswahili nacho, kilichokuwa lugha ya utawala chini ya Wajerumani, kilipoteza nafasi hiyo kwa Kifaransa, kikabaki kwa wenyewe katika miji kama Rumonge na katika mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura.

TAZARA: ubia uliofundisha, lakini haukutosha

Mfano wa ubia wa serikali huru unaotajwa zaidi ni TAZARA. Mapatano kati ya China, Tanzania na Zambia yalitiwa saini mwaka 1967, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa Julai 1976. China ilitoa mkopo usio na riba, ikaleta wataalamu kwa maelfu, na wanafunzi wapatao 200 wa Tanzania na Zambia wakapelekwa Beijing kusomea kazi za reli.

Hata hivyo TAZARA haikuwahi kubeba tani milioni 2 kwa mwaka zilizokusudiwa. Injini za awali zilielemewa na miinuko, ikabidi miaka ya 1980 zitafutwe nyingine kutoka Ujerumani Magharibi. Vipuri, matengenezo na uongozi wa nchi mbili vilileta matatizo yasiyokwisha. Septemba 2025, takribani miaka 50 baada ya makabidhiano, ulitiwa saini mkataba wa dola bilioni 1.4 hivi unaoipa kampuni ya Kichina ya CCECC jukumu la kuikarabati na kuiendesha reli hiyo kwa miaka 30. Aliyejenga amerudi kuendesha. Kukabidhiwa reli ni sherehe ya siku moja, ilhali kuimiliki ni kazi ya kila siku.

Mwekezaji wa reli ya kati

Mfano wa karibu zaidi na mwambao wetu unasahaulika. Oktoba 2007 reli ya kati ilikabidhiwa kwa kampuni ya ubia, Tanzania Railways Limited. RITES ya India ilipewa asilimia 51 ya hisa na serikali ya Tanzania asilimia 49, kwa muda wa miaka 25. Miaka michache tu ilitosha kuvunja ndoa hiyo. Huduma zilizorota, wafanyakazi wakagoma, na mafuriko ya Kilosa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yakakata njia kwa miezi kadhaa. Kufikia mwaka 2011 serikali ilikuwa imerudisha hisa mikononi mwake.

Mfanyabiashara wa Bujumbura aliyengoja mzigo wake Kigoma hakuwa na sauti katika mkataba huo, kama vile babu yake asivyokuwa na sauti mwaka 1921. Ndiyo maana mizigo mingi ya Burundi ilihamia kwenye malori. Cha kuazima hakistiri maungo.

Reli ya mwendokasi na tawi la Burundi

Tuje sasa kwenye reli mpya. Ujenzi wa reli ya kisasa ya Tanzania ulizinduliwa Aprili 2017. Sehemu ya Dar es Salaam hadi Morogoro ilipewa Yapi Merkezi ya Uturuki na Mota-Engil ya Ureno. Vipande vilivyofuata kuelekea Tabora na Isaka vikapewa Yapi Merkezi. Na Mwanza–Isaka pamoja na Tabora–Kigoma, kampuni za Kichina. Abiria walianza kusafiri hadi Morogoro Juni 2024 na hadi Dodoma Julai 2024, kwa treni za umeme zenye mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa. Watu wameiita treni ya mwendokasi, jina lililozoeleka kwanza kwa mabasi ya Dar es Salaam. Kwa vipimo vya kimataifa reli mpya ya mwendo wa kasi huanzia kilomita 250 kwa saa. Jina hilo basi ni la sifa kuliko la kiufundi, na mwalimu wa lugha anaweza kulitumia kuwafundisha wanafunzi tofauti kati ya istilahi na jina la mtaani.

Tawi la Burundi linaanzia Uvinza. Sehemu ya hadi Musongati ina kilomita 240 hivi: 156 upande wa Tanzania na 84 upande wa Burundi. Lengo ni kuendelea hadi Gitega, jumla ya kilomita 282. Desemba 2023 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha takribani dola milioni 696, na kati ya hizo Burundi ilipata milioni 98 hivi kama ruzuku. Mkataba wa Januari 2025 na kampuni za Kichina una thamani ya dola bilioni 2.15, na ujenzi ulizinduliwa Musongati Agosti 2025.

Changamoto zake zinaonekana tayari. Kwanza ni fedha, maana tofauti kati ya milioni 696 na bilioni 2.15 ni kubwa, na mfano uko jirani: reli ya kisasa ya Kenya ilifika Naivasha mwaka 2019 ikasimama kwa miaka kadhaa kwa kukosa mkopo wa kuendelea. Pili ni utegemezi. Tawi haliwezi kuzaa kabla ya shina, na hadi mwaka 2025 kipande cha Tabora–Kigoma kilikuwa bado kinajengwa. Tatu ni mzigo. Musongati ina nikeli, na reli iliyochorwa kwa ajili ya madini inaweza kumsahau mwenye magunia kumi ya mpunga. Nne ni vipimo. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000 na mpya 1,435, kwa hiyo behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine.

Tano ni jiografia, na hapa turudi Gitaza. Ramani inaonyesha kwamba reli itapita mbali, nyuma ya milima. Mwambao uliopokea Kiswahili kwanza utaendelea kutegemea ziwa na barabara. Barabara hiyo nayo ina wabia: mwaka 2018 benki hiyo hiyo iliidhinisha fedha za kukarabati kilomita 45 kati ya Rumonge na Gitaza. Lakini miteremko ya Mumirwa haisomi mikataba. Machi 2015 maporomoko ya ardhi yaliua watu Gitaza na kukata njia. Kama mizigo itahamia Gitega na Musongati huku barabara ya ziwani ikikatika kila masika, bandari ya Rumonge inaweza kupungukiwa kazi kwa sababu ya reli iliyojengwa kwa jina la maendeleo yake.

Kazi ya mwalimu wa Kiswahili

Je, haya yanatuhusu nini sisi walimu na wanafunzi wa lugha? Historia tuliyoipitia inaonyesha kwamba mgeni anapoondoka, kinachobaki mkononi mwa mwenyeji si chuma bali ujuzi, na ujuzi hauwezi kubaki bila lugha ya kuushikilia. Mpakani, Mrundi na Muha wataelewana vizuri kwa Kirundi na Kiha, lugha ndugu. Lakini fundi wa Musongati atakapozungumza na mwongoza treni wa Tabora au Dodoma, lugha yao ya pamoja ni Kiswahili. Mwongozo wa matengenezo ukibaki katika Kichina, Kiingereza au Kifaransa pekee, kila nati itahitaji mkalimani.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kimepata nafasi katika shule zake za msingi. Tuna msamiati wa kuanzia: reli, mataruma, tuta, behewa, stesheni, njia ya kupishania. Tunahitaji istilahi zilizokubaliwa pande zote mbili za mpaka kwa ajili ya umeme wa reli, mawimbi ya ishara na usalama. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaotafuta mada za tasnifu wangeweza kuanzia hapo: wakusanye maneno yanayotumiwa na mafundi wa Kigoma na wachukuzi wa Rumonge, kabla wageni hawajawapa majina mengine.

Burundi ililipata neno gariyamoshi kabla ya gari lenyewe. Safari hii vitu vyote viwili vinaweza kuja pamoja, mradi Warundi na Watanzania wawe mezani wakati wa kuandika mkataba, karakanani wakati wa kufundishwa, na darasani wakati wa kuvipa vitu majina.